Anayesimama Kando ya Ubao

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili msomaji asije akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa simu inayolia kabla hakujapambazuka. Kitu kimoja tu nilifundishwa kutokiogopa tangu nikiwa binti, nacho ni kishale cha chuma kinachopita karibu na shavu. Baba yangu alikuwa mchezaji wa vishale, na katika mchezo huo kuna mtu ambaye kazi yake ni kusimama kando ya ubao na kuandika alama kwa chaki. "Mwandishi haruhusiwi kuogopa," baba aliniambia. "Ukiruka wewe, na mkono wa mchezaji utaruka."

Kwa asiyeujua mchezo wetu, kila mchezaji anaanza na mia tano na moja. Anarusha vishale vitatu, jumla yake inatolewa kwenye hesabu, kisha anampisha mwenzake. Wa kwanza kufika sifuri ameshinda. Ingekuwa hivyo tu hata mbuzi angecheza. Kazi ipo mwishoni, maana kishale cha kufunga lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni kabisa mwa ubao unaozidisha namba mara mbili. Ukibakiza arobaini unatafuta dabo ya ishirini. Ukibakiza thelathini na mbili, dabo ya kumi na sita. Ukipiga kuzidi ulichobakiza, au ukabakiza moja, sisi tunasema umeungua. Vishale vyako vyote vya zamu hiyo vinafutwa na unarudi pale ulipokuwa.

Wageni wote hukimbilia ishirini ya juu, kwenye kijipande cha tripo, kinachozidisha namba mara tatu na kulipa sitini kwa kishale kimoja. Baba alikuwa anawatazama na kucheka puani. "Huyo ishirini ni tajiri aliyejenga kati ya moja na tano," alikuwa akisema. "Ukikosa mlango wake, unalala njaa kwa jirani." Mkono usipotulia, alifundisha, hamia kushoto, kwenye kumi na nne, ambako majirani ni tisa na kumi na moja, watu wa kawaida wasiomtupa mgeni. Na siku zote jipange ubakize thelathini na mbili, wala si arobaini. Ukiikosa dabo ukaingia kumi na sita ya kawaida, unabaki na kumi na sita, unatafuta dabo ya nane. Ukikosa tena unaenda nne, halafu mbili. Unashuka ngazi bila kuanguka. Wapenda sifa hubakiza namba za ajabu ajabu halafu wanaungua, kisha wanalaumu chaki.

Mwandishi naye ana sheria zake. Mchezaji akiuliza amepata ngapi, unamjibu. Akiuliza amebakiza ngapi, unamjibu. Hapo basi. Humwambii apige nini, hata kama ni baba yako na unaona anapotea. Unasema kilichopo, la kufanya ni lake. Kwenye baa yetu ya Kisesa, aliyefungwa ndiye anayeandika mchezo unaofuata, na mimi niliandika sana, kwa hiyo kando ya ubao ndipo nilipokulia. Hakuna anayemwona mchezaji vizuri kama mwandishi. Wengine wote wanamwona mgongo.

Baba alistaafu kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, alikokuwa fundi wa mashine. Mama alipofariki alihamia kwangu, na kwa kweli ndiye aliyeshika nyumba. Mume wangu yuko machimboni Geita na huja mwisho wa mwezi. Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Mwanza, naondoka nyumbani jua bado halijatoka vizuri. Binti yangu, ambaye siku hizo ndiyo kwanza ameingia darasa la pili, alikuwa anapelekwa shule na babu yake kwa pikipiki. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu iendayo Musoma. Anayeijua barabara ile anajua malori yake, mabasi yake yanayoshindana, na ng'ombe wanaovushwa bila haraka kana kwamba lami ni ya kwao.

Sikuwa na wasiwasi. Baba hakuwahi kuanguka na pikipiki maisha yake yote, na macho yake yalikuwa gumzo la baa. Walipokuja watu wa kupima macho na kugawa miwani pale kwenye zahanati, alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, akaambiwa aende zake, awapishe wenye shida. Alirudi nyumbani anatamba wiki nzima. Kweli alikuwa anajigonga kwenye fremu ya mlango, na mara mbili tatu alimwaga chai aliyowekewa kando ya mkono. Tulimtania kwamba uzee umemfuata kwa kasi kuliko pikipiki yake. Yeye naye alijibu kwamba vikombe vya siku hizi havina adabu.

Jumamosi moja timu yetu ilialikwa Kigongo, kwenye baa iliyo jirani na pale magari yalipokuwa yanasubiri kivuko cha kwenda Busisi. Tangu magari yaanze kupita darajani, mama muuzaji alituambia, wateja wamekuwa wa kuhesabu, na vishale ndivyo vinavyomletea watu. Kulikuwa na upepo wa ziwa, harufu ya sato wa kukaanga, na ubao mzuri uliotundikwa kwenye ukuta wa mbao, na upande wake wa kushoto ubao mweusi wa kuandikia. Mimi nilifungwa mchezo wa kwanza na kijana mmoja wa pale aliyekuwa na bahati kuliko adabu. Kwa hiyo mchezo uliofuata, wa baba, nikaandika mimi.

Alicheza vizuri mno. Alishuka kutoka mia tano na moja kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake, na kama kawaida yake akajipanga akabakiza thelathini na mbili. Mpinzani akarusha, akaungua, akatoa vishale vyake. Mimi nikageuka kufuta hesabu, chaki ikanidondoka, nikainama kuiokota. Chaki ilikuwa imebingirika mpaka karibu kabisa na chini ya ubao. Kila mchezaji duniani, akimwona mwandishi ameinama pale, anasubiri. Hata mlevi anasubiri.

Nilisikia ule mlio mkavu wa kishale kuingia kwenye ubao, juu ya sikio langu. Nilihisi upepo wake. Nilipoinua uso, kishale kilikuwa kimesimama katika dabo ya kumi na sita, na ingekuwa nimeinuka punde kidogo kabla yake, kingesimama katika jicho langu.

Baa nzima ililipuka kwa shangwe. "Mzee amemnyoa binti yake!" mmoja alipiga kelele, na wengine wakagonga meza. Mimi nilikuwa nimekauka, chaki mkononi, nikimtazama baba. Alikuwa anakuja kutoa kishale chake, anatabasamu, anafuta mkono kwenye suruali. Alifika mpaka hatua moja kutoka kwangu, ndipo akashtuka, akarudi nyuma.

"Kumbe uko hapa?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Halafu akasikia wenzake wanacheka, naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeshauona uso wake kabla hajauvalisha kicheko. Nimemwandikia baba tangu utotoni, nazijua nyuso zake zote, na ile haikuwa ya mzee mtundu aliyemtania binti yake. Ilikuwa ya mtu aliyekuta mtu mahali alipoamini hakuna mtu.

Tulirudi kwa pikipiki yake, mimi nyuma. Njia nzima nilijipa maneno. Alikuwa amezama kwenye mchezo. Alikuwa ameona nimeinama na akaamini mkono wake. Mzee anapenda sifa. Tulipofika Usagara, pale barabara zinapokutana, alipunguza mwendo, akatazama mbele, kisha akaingia. Kulia kwetu lori la mizigo lilikuwa linakuja, kubwa, jeupe, taa zimewashwa mchana. Halikuwa limejificha. Lilikuwa wazi kama ziwa.

"Baba! Lori!"

Akafunga breki tukayumba. Lori likapita mbele yetu likipiga honi ndefu, na vumbi lake likanijaa mdomoni.

"Nimeliona," baba alisema.

Nilimshika kiuno na nikaogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa, kwa sababu nafasi niliyokuwa nimekaa ndiyo nafasi ya mwanangu kila asubuhi.

Sasa, kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba haoni. Unaweza kumwambia chakula kimepoa, unaweza kumwambia koti lake limechanika; lakini kumwambia mzazi kwamba mwili wake umemsaliti ni kumvua nguo. Jambo kama hilo hupitishwa kwa mtu wa rika lake. Jumapili nikamwendea mwenye baa yetu, mzee aliyefanya naye kazi kiwandani na aliyecheza naye vishale tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote, mpaka lori.

Alinisikiliza akisuuza glasi. Kisha akacheka, akaniita mayu, yaani mama, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita mabinti zao.

"Macho? Yule? Jana si amefunga thelathini na mbili kwa kishale kimoja? Mayu, dabo ya kumi na sita ni nyembamba kuliko kidole. Asiyeona ataipataje?"

"Lakini mimi hakuniona."

"Wewe ulikuwa umeinama," alisema, kama vile walioinama hawana miili. "Mwache mzee wako. Ukianza kumtangazia upofu, utamuua kabla ya siku zake."

Niliondoka pale nimeshindwa. Hoja yake ilikuwa hoja ya baa nzima, na niseme ukweli, ilikuwa hata yangu mwenyewe: ubao ndio ulikuwa kipimo chetu cha macho. Kwa nini mtu apoteze nauli kwenda hospitali ya rufaa kupima macho yanayofunga thelathini na mbili kwa kishale kimoja?

Jumatatu asubuhi nilisema kwamba nitampeleka mtoto mwenyewe, tutapanda bajaji. Baba alikuwa ameshatoa pikipiki nje na kuifuta kiti, kama anavyofanya kila siku, na mtoto ameshajipakia.

"Nimekukosea nini?" aliniuliza.

"Hapana, Baba. Ni kwamba tu leo…"

"Leo kuna nini?"

Mtoto alikuwa anatutazama, begi mgongoni, huyu na huyu. Baba akapiga kiki, wakaondoka, na mimi nikabaki nimesimama getini nikiisikiliza pikipiki mpaka ilipomezwa na kelele za barabara kuu.

Siku ile dukani sikuwa mtu. Mteja aliomba misumari nikampimia nondo. Kila simu ya mtu yeyote ilipolia, damu ilinitoroka. Nilikuwa namwona mwanangu kwenye lami kwa namna ambazo sitaziandika hapa, maana hata kuziandika naona kama kuziita. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye ukoo wao umefanya biashara Mwanza tangu kwa babu zake, mkali kwa hesabu lakini si mtu mbaya. Aliniita nyuma ya kaunta akaniuliza nani amekufa.

"Bado," nilimjibu, na nikaanza kulia.

Nilipomaliza kumwambia, hakucheka. Aliuliza kama baba anajigonga milangoni. Nikasema ndiyo. Aliuliza kama anamwaga vitu vilivyo kando yake. Nikasema ndiyo.

"Mama yangu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani," alisema. "Sote tukasema mama ana macho ya mwewe. Halafu akaanguka ngazi hizi hizi za dukani. Daktari akasema ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, wala haiumi. Katikati inabaki, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ulichokilenga unakiona. Kilichosimama kando, hakipo."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Kila kitu kilijipanga mbele yangu: kishale, mlango, chai, lori. Baba hakuwa akitudanganya aliposoma zile herufi. Aliziona kweli, moja moja. Mtu wa kupima alimwuliza kuhusu katikati, na katikati alikuwa salama. Na sisi kila Jumamosi tulikuwa tunampigia makofi kwa kulenga kitu kilichokuwa ndani ya bomba lake.

Mwenye duka aliniambia niende nyumbani. Nilifika mapema kuliko kawaida nikamkuta mtoto uani, mzima, amekaa kwenye ndoo anakula embe. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namchafua. Baba alikuwa amejilaza ndani.

"Leo mmeendaje na Babu?" nilimwuliza, nikijitahidi sauti yangu ikae sawa.

"Vizuri. Hatujaungua."

"Kuungua nini?"

Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto mdogo. Akaniambia kwamba yeye ni mwandishi wa Babu. Wakifika barabara kuu, Babu anatulia, anauliza, "Mwandishi, kulia ngapi?" Yeye anatazama, anasema, "Lori moja, pikipiki mbili." Babu anauliza, "Kushoto?" Anasema, "Hakuna." Anataja kilichopo tu. Hamwambii Babu apite au asipite, kwa sababu mwandishi hasemi la kufanya. Kikipita kila kitu, na wakavuka vizuri, wamefunga. Akikosea hesabu, wameungua.

"Na mmewahi kuungua?"

"Mara moja tu. Sikuiona bajaji. Babu akasema tusikwambie, wewe ni mwoga." Akalamba embe. "Mimi siogopi, Mama. Mwandishi haruhusiwi."

Mpaka dakika ile nilikuwa nimemhurumia baba kama mtu asiyejua. Kumbe alijua. Alijua vizuri kiasi cha kutunga mchezo, akauwekea sheria, akamkabidhi mtoto wa darasa la pili kazi ya kuwa macho yake mawili kwenye barabara ya Musoma. Huruma yote ilinikauka, na mahali pake pakaingia hasira yenye baridi, hasira ya mama. Nilitamani kwenda kumwamsha kwa kelele mtaa mzima usikie.

Sikwenda. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mimi usiku kucha nililishika hilo neno la kwanza. Alfajiri nilimkuta baba uani, kitambaa mkononi, anaifuta pikipiki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mayu. Umeamkaje?"

"Baba, nitazame usoni. Usigeuze kichwa."

Labda ni sauti yangu, labda alikuwa anaingoja siku hiyo, lakini alitii. Alinitazama usoni, wima, kama anavyotazama ubao. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto pembeni, si mbali, nikafungua vidole.

"Nimeonyesha vingapi?"

Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena.

"Umenyoosha mkono gani?" baba aliuliza.

Nikauteremsha ule mkono. Hasira niliyolala nayo haikujua ikae wapi. Baba aliketi kwenye kiti cha pikipiki, akakikunja kitambaa, akakikunjua.

"Mwaka jana ilikuwa kama ukungu pembeni," alisema. "Nikadhani utaondoka."

"Na mtoto, Baba? Unamweka mtoto…"

"Nilikuwa namshusha pale shuleni, nasubiri aingie darasani, halafu nakaa chini ya ukuta mpaka miguu iache kutetemeka. Kila siku. Usidhani sikuogopa."

"Basi kwa nini?"

Alinitazama, na safari hii aligeuza kichwa kizima mpaka akanipata.

"Kwa sababu ukijua, hutaniachia mtoto tena."

"Nitakuachia," nilisema. "Pikipiki tu, Baba. Pikipiki ndiyo basi. Mtoto ni wako."

Alitoa ufunguo akauweka kwenye kiganja changu, akauachia polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba kweli kuna mkono chini yake.

Hospitali walisema tumechelewa lakini si sana. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Walisema ugonjwa huu hupenda kufuata damu, wakanikalisha na mimi kwenye kiti cha kupimia macho, kidevu juu ya chuma baridi, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila ninapoona nukta ya mwanga. Nilibonyeza hata pasipokuwa na mwanga, kwa hofu, mpaka binti anayepima akanigombeza na kuanza upya. Mimi niko salama kwa sasa. Nitarudi kila mwaka.

Pikipiki tuliiuza kwa jirani. Mtoto anakwenda shule na mama mmoja wa mtaa wetu mwenye watoto pale pale, kwa miguu, wakishikana mikono. Baba bado anacheza vishale, na kabla ya kila zamu mwandishi anasema kwa sauti, "Nimekaa pembeni, mzee." Aliwaambia mwenyewe waseme hivyo. Mwenye baa alikuja nyumbani kumpa pole, akakaa muda mrefu, akaondoka bila kumaliza soda.

Jumamosi iliyopita, mchana, sukari iliisha. Duka liko nyumba ya nne kutoka kwetu, upande wetu huu huu, hakuna barabara ya kuvuka, ni kichochoro tu cha mchanga. Baba aliinuka kwenye kiti chake, akavaa kofia, akamwita mjukuu wake.

"Twende, bibi. Twende mimi na wewe."

Mtoto akaruka, akamshika mkono. Walikuwa wameshafika getini. Nikaona kile kichochoro, nikaona jiwe lililochomoza pale katikati, nikamwona bodaboda anayeweza kutokea kwenye kona, ambaye hakuwepo.

"Ngojeni nivae viatu," nilisema. "Twende wote."

Baba alisimama. Hakugeuka. Aliuachia mkono wa mtoto, akavua kofia, akarudi akipapasa nyuma yake mpaka akakipata kiti.

"Basi," alisema, "nendeni nyinyi."